Kila Mtu Alijibandikia Yake

Soli ya kiatu changu cha kulia ilianza kuachia saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya pili ya mashindano. Saa ninaijua kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuitazama, nikikadiria kama tungefika kituo cha maji kabla hakijafungwa. Tulikuwa tukiteremka kwenda Bonde la Ufa, upande wa nyuma wa milima ya Ngong, kwa njia ya mbuzi iliyojaa mawe yasiyotulia. Nilisikia mlio mdogo chini ya kidole gumba, kama plasta inayobanduliwa polepole kwenye ngozi. Hatua chache baadaye changarawe ya kwanza iliingia.

Mwenzangu alikuwa mbele. Tulikuwa tumefungana kiuno kwa kiuno kwa kamba ya mpira, ili yeye mwenye kasi anivute mimi mzito. Alihisi kamba imekaza, akageuka.

"Prof, kiatu yako imeanza kuongea."

"Imeachia mbele."

"Inasema nini? Inaomba chai?"

Alirudi akicheka, akainama kutazama. Kabla sijasema aliniambia nini alipoinuka, inafaa nieleze tulifikaje mlimani, kwa maana watu wenye mfuko kama wetu hawakimbii milimani kwa starehe.

Sisi ni mafundi wa viatu. Kwa miaka sita tulikuwa na kibanda kimoja cha mabati katika uchochoro nyuma ya River Road, na kila tulichopata tulikigawana nusu kwa nusu. Mimi nina miaka hamsini na moja, yeye hajafika arobaini. Kazi iliyotulisha ilikuwa soli. Viatu vya kukimbilia vya mitumba hufika Nairobi vikiwa vizima juu na vimelika chini. Tuling'oa soli iliyokwisha, tukakwaruza kwa msasa, tukapaka gundi pande zote mbili, tukasubiri, kisha tukabandika mpira wa tairi tuliouchonga meno. Ufundi wote uko hapo kwenye kusubiri. Gundi isipokauka mpaka ikatae kushika kidole, majimaji yake hufungiwa katikati. Soli itaonekana imeshika, na itashika kweli kwenye lami, lakini ikikutana na joto na mawe inaachia. Haya niliyasoma katika kitabu cha kemia cha sekondari nilichonunua kwa mwanamume anayetandaza vitabu juu ya gunia kando ya barabara. Mimi mwenyewe shule niliiacha darasa la nane. Ndiyo maana mwenzangu aliniita Prof. Haikuwa sifa.

Kibandani tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mafundi wengine. Hakuna aliyetengeneza kiatu chake mwenyewe. Changu alikitengeneza yeye, chake nilikitengeneza mimi, na mwenye kiatu alitakiwa atoke nje mpaka kazi iishe. Mtu anayejitengenezea hujihurumia. Husema hapa pametosha, si ni mimi nitakayevaa. Ukimtengenezea mtu atakayeketi kando yako kutwa nzima akiwa amekivaa, mkono hauzembei. Hivyo ndivyo tulivyoamini. Wateja hatukuwahi kuwaeleza, na hakuna aliyeuliza.

Kisha tukaambiwa kwamba uchochoro utafungwa. Kiwanja kilichopakana nao kilikuwa kimepata mjenzi, na vibanda vyote vingeondolewa ndani ya miezi michache. Mama wa chai aliyekuwa jirani yetu alianza kutafuta nafasi siku ileile. Sisi tulikuwa bado tunabishana pa kwenda alipotujia Haji.

Haji ni mtu wa Pwani, mfupi, nadhifu, mwenye duka la viatu vya kukimbilia chini ya jengo la fleti Kileleshwa. Wateja wake ni watu wa mishahara. Nyuma ya duka alikuwa na chumba chenye mlango, umeme na bomba la maji, na alitaka mafundi wa kuketi humo wasoli, yaani watie soli mpya, viatu vya wateja wake. Tatizo lilikuwa kwamba wateja hawakuuamini mpira wa tairi.

"Mimi siwezi kumuuzia mtu maneno," alituambia, amesimama uchochoroni akiwa ameinua kanzu kidogo ili isiguse tope. "Kuna mashindano ya mlimani, siku tatu, watu hukimbia wawiliwawili. Kiingilio nitawalipia. Nendeni na soli zenu, mrudi nazo, pasi na kubandika upya njiani. Mkirudi hivyo, chumba ni chenu. Nitaviweka viatu vyenyewe dukani na vumbi lake, watu wavione."

"Na soli ya mmoja wetu ikikataa, Haji?" niliuliza.

"Basi nitamchukua yule ambaye yake haikukataa. Sipendi kuwadanganya, ndugu zangu. Biashara yangu ni ndogo."

Alipoondoka nilimwambia mwenzangu tumfuate tukamweleze desturi yetu. Mtu anayechagua fundi kwa kutazama mguu, nilisema, anapaswa kujua mguu huo umetengenezwa na nani.

"Wachana na hiyo maneno," alisema. "Mtu akila chapati huwa anauliza nani alikanda unga?"

Niliacha. Lakini chumba kile nilikitaka. Nilikuwa nimefanya kazi misimu sita ya mvua za masika miguu ikiwa ndani ya maji ya uchochoro, na vidole vya mkono vilikuwa vimeanza kukakamaa asubuhi. Mlango wa kufunga, taa juu ya meza, sakafu kavu: sikuwa nikiomba zaidi ya hayo, na sikuona mahali pengine katika jiji hili ambapo ningeyapata.

Tulijifunza kukimbia kwa kwenda kazini. Tulikaa Kangemi sote. Alfajiri tuliteremka kando ya Waiyaki Way, tukapita Mountain View walinzi wakiwa bado wamejifunika mablanketi, tukaingia Muthangari, tukavuka Kileleshwa hadi mjini. Mlinzi mmoja wa jengo la ofisi alituruhusu kupanda ngazi zake kabla wafanyakazi hawajafika. Hapo ndipo nilipoielewa sheria ya wawili. Katika mashindano hayo wenza hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili, na saa inayoandikwa ni ya yule wa pili. Kwa hiyo mwenye kasi hutangulia, huketi, hupumzika, na mwenzake anapofika akihema, yeye husimama na kuondoka. Aliye dhaifu hapumziki kamwe. Mwenzangu aliufurahia mpangilio huo. Kila nilipofika ghorofa ya juu alikuwa ameketi kwenye kidato akijipepea kwa kofia.

"Shikamoo babu," alisema. "Nilidhani umeshuka kutafuta lifti." Kisha akainuka.

Wiki mbili kabla ya mashindano tulisoli viatu vya safari. Vyake nilivianza saa tano na nikavimaliza jua likielekea kuzama. Nilipaka gundi mara mbili, na kila mara nilingoja mpaka kidole kikatoka kikavu. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo ukingo wa soli niliukata mshazari kuelekea kushoto, kama ninavyokata siku zote. Kesho yake ilikuwa zamu ya vyangu. Nilitoka, nikaenda Kirinyaga Road kutazama bei ya tairi kuukuu. Niliporudi bado gundi isingeweza kuwa imekauka, lakini viatu vilikuwa tayari mezani, vimezungushiwa vipande vya tyubu vya kukandamizia.

"Umemaliza?"

"Jua ni kali, imekauka haraka." Alikuwa ameinamia simu, akifuata mechi aliyokuwa ameibetia pesa. "Ama unataka nikuandikie cheti?"

Nilivinusa. Harufu ya gundi ilikuwa bado nzito. Nilivikunja, havikutoa mlio. Desturi haikuruhusu kufungua kazi ya mwenzako, na mpaka hapo desturi hiyo ilikuwa haijaniangusha.

Siku ya kwanza ilipita vilima vya Ngong, chini ya mitambo ya upepo inayozunguka juu ya vichwa kwa sauti ya pumzi. Upepo ulitupiga ubavuni kutoka asubuhi hadi mchana. Alinivuta kwa kamba kila mlima na kunitukana kila mteremko, na jioni soli zote nne zilikuwa salama. Niligeuza vyangu, nikabonyeza pembeni kwa ukucha, nikalala nikiwa na matumaini.

Siku ya pili njia iliteremka bondeni, kwenye joto. Hapo ndipo tulipofika saa nne na dakika kumi na mbili, na mwenzangu ameinama kutazama kiatu changu.

Alipoinuka hakuwa akicheka. Alitazama nyuma, juu ya njia tuliyoshuka. Hakukuwa na mtu karibu.

"Hiyo ni kazi yangu," alisema. "Sikungoja ikauke. Kulikuwa na mechi."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Ilinuka."

"Na bado ukavaa? Prof, kusoma sana kumekuharibu."

Sikukasirika. Naeleza hili kwa sababu lina uzito katika yaliyofuata. Mtu aliyekubali kosa lake bila kuulizwa, mahali ambapo angeweza kunyamaza, nilimwona kuwa mwenzangu kuliko siku zote za kibandani. Tulikuwa na vipande vya tyubu mfukoni. Kufunga kuliruhusiwa, kubandika ndiko kulikokatazwa. Niliizungushia ncha ya kiatu mpira mara tatu, nikakaza, tukaendelea.

Mpira ulishika kwa muda, ukakatwa na jiwe. Nilifunga mwingine. Nao ukakatika. Kila ulipokatika soli ilifunguka zaidi, ikajikunja chini ya mguu, na mimi nikatua juu ya vidole. Mwenzangu aliifungua kamba, akatangulia kama alivyozoea. Nilimkuta kwenye mwamba uliokuwa na kivuli, amemwaga maji kichwani.

"Umefika?" alisema akisimama. "Twende."

"Ngoja nifunge kiatu."

"Funga ukitembea. Kama si hii sheria ya wawili saa hizi ningekuwa nimeoga."

Ukucha wa kidole gumba ulitoka mchana. Haukuuma wakati wa kutoka. Uliuma baadaye, jasho lilipoingia. Tulifika kambini tukiwa kati ya jozi tatu za mwisho, ndani ya muda, nami nikakaa pembeni ya ndoo nikiosha mguu. Hapo ndipo jambo la pili lilipoanza, na wakati huo sikulitambua.

Kambini kulikuwa na mwanamke mmoja mfanyakazi wa ofisi, mkazi wa Kileleshwa, mteja wa Haji. Yeye na dada yake walikuwa wametupita asubuhi. Alipoona kiatu changu kimetanua mdomo juani, alinionea huruma.

"Pole sana mzee. Nani alikutengenezea hii?"

Kabla sijajibu mwenzangu alidakia. "Mzee alijibandikia mwenyewe, madam. Nafikiri alikuwa anasinzia."

Walicheka. Wengine waliokuwa karibu walicheka pia, na mmoja akauliza kama nilitumia uji badala ya gundi. Mwenzangu alisema uji ungeshika vizuri zaidi. Nilitabasamu, mguu ukiwa ndani ya ndoo. Kusimama mbele ya watu waliochoka na kusema si mimi, ni yeye, kungeonekana utoto. Isitoshe, mchana alikuwa ameniambia ukweli. Nilidhani ule wa mchana ndio wenye hesabu, na huu wa jioni ni mchezo.

Siku ya tatu njia ilipanda kurudi Ngong, ikapita msituni, ikafuata vijia vya Dagoretti na Kawangware, na kuishia kwenye uwanja wa shule Muthangari. Msituni nilikimbia. Nilikuwa nimekifunga kiatu kwa kila kipande cha tyubu tulichobaki nacho, na kwenye udongo laini mpira ulivumilia. Mwenzangu alirudisha kamba kiunoni akanivuta, na kwa muda tulikwenda vizuri, kimya, hatua zake na zangu zikilingana. Nilimwambia tukipata chumba meza yake ikae dirishani, maana yeye ndiye anayependa kuzungumza na watu. Akasema sawa. Akauliza kama nitamruhusu aweke redio. Nikasema ndiyo, isipokuwa wakati wa gundi.

"Wakati wa gundi tunaomba," alisema, na hapo nilicheka mimi.

Kawangware kulikuwa na lami, na lami iliumaliza mpira wote. Soli ilibaki imeshikwa na kisigino tu, ikipiga chini kila hatua. Watu walitoka madukani kutazama.

"Mzee, kiatu inakuacha," mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka kwenye kibanda cha kinyozi.

"Mwambie," mwenzangu alimjibu bila kupunguza mwendo. "Mimi nimemwambia tangu jana, hasikii."

Tulivuka mstari wa mwisho pamoja, kamba ikiwa bado imetufunga, kwa sababu sheria ilitaka hivyo. Walitutundikia medali shingoni. Haji alikuwa chini ya hema, ameketi kwenye kiti cha plastiki na chupa mbili za soda miguuni. Kando yake alisimama yule mwanamke wa ofisi, ambaye alikuwa amemaliza mapema na kubadilisha nguo.

"Hongereni, hongereni sana," Haji alisema. "Haya, nionyesheni."

Mwenzangu aliinua mguu mmoja, kisha mwingine, akiegemea nguzo ya hema. Soli zilikuwa na vumbi la rangi tatu na zilikuwa nzima. Haji alipitisha kidole ukingoni mwote, polepole, akabonyeza kwenye ncha. Hakukuwa na mwanya. Kisha akanigeukia. Sikuwa na haja ya kuinua mguu. Soli ilikuwa imelala kwenye nyasi kando ya kiatu, kama ulimi.

"Ala," alisema Haji.

"Ndiye huyu alijibandikia usingizini," alisema yule mwanamke, kwa wema, akitabasamu. "Walituvunja mbavu kambini."

Nilisema nilichopaswa kusema. Nilisema polepole ili kieleweke. "Haji, soli hizo zisizokuwa na mwanya nimezibandika mimi. Hii iliyoachia aliibandika yeye. Kibandani kwetu hakuna anayejitengenezea kiatu. Hutengenezeana."

Haji alinitazama, akamtazama mwenzangu, akarudi kwangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu mzima anayesikiliza mtoto akitoa sababu ya sahani kuvunjika.

"Ndugu yangu," alisema, "mtu anaenda kukimbia siku tatu mlimani, chumba chake kinategemea kiatu chake. Atampa mtu mwingine ambandikie?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Hukuniambia desturi hiyo nilipokuja kwenu."

"Sikukuambia."

Alimgeukia mwenzangu. "Haya, sema wewe. Ni kweli?"

Mwenzangu alikuwa akifungua soda kwa meno. Aliitoa mdomoni, akatema kifuniko mkononi, akakitazama. Nilimngoja. Nilikuwa na hakika. Alikuwa amelisema neno lile kwenye njia ya mbuzi bila kulazimishwa na mtu.

"Kila mtu alijibandikia yake, Haji," alisema.

"Haji, tazama ukingo," nilisema. "Nipe dakika moja. Umekatwa mshazari kwenda kushoto. Mimi ndiye wa mkono wa kushoto. Yeye ni wa kulia."

Haji aliinama tena, akatazama kweli, na nadhani aliuona mshazari. Alimwinulia mwenzangu uso.

"Nilijifunza kukata hivyo kwake," mwenzangu alisema. "Prof ni mwalimu mzuri sana. Gundi tu ndiyo humshinda, kwa sababu ya umri. Mikono inakuwa na haraka." Kisha akaniwekea mkono begani. "Msamehe, Haji. Amechoka. Kule chini jua lilimpiga."

Yule mwanamke alinisogezea kiti. Alisema, "Kaa mzee, unywe maji." Nilikaa. Mguu ulikuwa unatoka damu kwenye nyasi za shule, na mtu yeyote aliyekuwa akinitazama angeona mzee aliyeshindwa akimtupia mwenzake lawama.

Nilirudi Kangemi kwa miguu, kwa sababu sikutaka kuketi karibu naye mahali popote. Alinifuata. Nilikuwa nimevaa kandambili nilizopewa kwenye hema, na viatu nilivibeba mkononi. Tulipita Mountain View. Pale malango yanapoisha alinifikia.

"Umenuna."

Nilihamishia viatu mkono wa pili.

"Prof, hesabu mwenyewe, si wewe ndiye mtu wa hesabu? Mmoja tu ndiye angeingia. Ningesema ukweli, wewe unaingia, mimi ninabaki uchochoroni nikingoja tingatinga. Sivyo?"

"Ningekuchukua uingie nami."

"Kweli?"

"Nusu kwa nusu, kama siku zote."

Alifikiri hatua chache. "Naamini," alisema. "Basi mimi pia nakuchukua. Jumatatu njoo Kileleshwa. Nitakulipa kwa kila pea."

"Nusu?"

"Nusu ni ya wenye kazi, babu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Wewe utakuwa unanisaidia."

Uchochoro ulifungwa kabla ya mwezi kwisha. Nilitafuta nafasi Kangemi, nikatafuta Westlands, nikatafuta chini ya ngazi za majengo matatu mjini. Waliokuwa na nafasi walitaka malipo ya mbele ambayo sikuwa nayo, na wengine walitazama nywele zangu wakasema watanipigia simu. Siku niliyokwenda Kileleshwa mlango wa nyuma ulikuwa wazi, taa inawaka, redio inaimba. Meza yake ilikuwa dirishani.

Tangu siku hiyo ninasoli mimi. Yeye hupokea viatu kwa wateja, huvikagua akikunja uso, huvileta ndani. Gundi haigusi. Hakuna aliyemkataza, anajua ni soli za nani zinazorudi zikiwa nzima kutoka milimani. Redio huizima mwenyewe ninapopaka gundi, na ni jambo pekee kati ya tuliyopanga msituni ambalo amelitimiza. Viatu vyake vya mashindano viko mbele dukani, juu ya kijirafu cha kioo, na vumbi lake. Changu cha kulia alikiomba akiweke kando yake, wateja waone tofauti ya kazi nzuri na kazi mbovu. Nilipokataa, alinunua kingine kilichochakaa akakikata ncha kwa kisu.

Kiatu changu mwenyewe ninajitengenezea.

Haji huingia Ijumaa baada ya swala. Ni mtu mwema. Hushika kiatu nilichomaliza, hupitisha kidole ukingoni, hunitazama kwa furaha ya kweli.

"Unaona," huniambia, "sasa mkono wako umetulia. Nilijua utajifunza kwa mwenzio."

"Ahsante, Haji," husema mwenzangu kutoka dirishani.

Nimewahi kufikiria kubandika pea moja kabla gundi haijakauka, aivae mmoja wa wateja wanaomwamini, iachie mahali palipo mbali na nyumbani. Sijafanya hivyo. Mguu ambao ungekivaa kiatu hicho haujanikosea, na sitaki kazi ya mwenzangu iwe ndiyo kazi yangu.

Haji humlipa mwenzangu kwa kila pea, na gharama ya mpira na gundi ikitolewa, hubaki shilingi mia saba. Kwa desturi yetu ya zamani nusu yangu ingekuwa mia tatu na hamsini. Yeye hunipa mia mbili. Hadi Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesoli pea mia tatu na kumi na mbili katika chumba hicho, chenye mlango, umeme na sakafu kavu, kama nilivyotaka. Nimepoteza shilingi elfu arobaini na sita na mia nane.